Mashine inayosikiliza sauti na kutaja ugonjwa: maswali yenu

Meseji ni nyingi, nachukua chache, zinazofanana nimeziunganisha.

Hivi kweli sauti peke yake inaweza kuonyesha mtu anaumwa?

Inaweza ndio. Ili uongee mapafu yasukume hewa, nyuzi za sauti kooni zitetemeke mara mia na kitu kwa sekunde (wanawake kama mara 200), ulimi na midomo vikate maneno, na ubongo ndo unapanga yote hayo kwa pamoja, sasa kimoja kikilegea tu sauti inabadilika. Mwenye Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na mwili kukakamaa) mara nyingi sauti inakuwa ndogo, haipandi haishuki, na mtetemo wake unayumbayumba kidogo, sikio linaweza lisigundue ila kompyuta inaupima. Akili mnemba inapewa rekodi za wagonjwa na za wazima, inatafuta tofauti yenyewe.

Nimesikia sekunde 10 za kuongea zinatosha kujua kisukari, ni kweli au kamba?

Utafiti upo, ulitoka 2023, watu 267 wa India walirekodi sauti kwenye simu zao, wakapata usahihi wa 89% kwa wanawake na 86% kwa wanaume. Inavutia, ila walichanganya sauti na umri na uzito, na hivyo viwili hata bila simu vinakuambia mengi kuhusu kisukari. Halafu 267 ni wachache jamani. Kapime damu.

Zile apu za kukohoa kwenye simu wakati wa korona ziliishia wapi?

Hapa ndo penye somo. 2020 kuna watafiti walitangaza kwamba mashine yao inanasa zaidi ya 98% ya wenye korona kwa kikohozi, kila mtu akashangilia. Baadaye Uingereza wakakusanya sauti za watu zaidi ya 67,000 waliokuwa na majibu ya vipimo, matokeo yakatoka 2024: ukilinganisha watu wanaofanana kwa umri, jinsia na dalili, mashine haikuwa na la ziada kuliko kumuuliza mtu tu unajisikiaje. Ilikuwa inanasa vitu vingine, kama nani ana dalili na nani hana, sio kirusi chenyewe. Kwa hiyo mi nikiona asilimia kubwa siku hizi nauliza kwanza hao wazima walikuwa kina nani, maana ukilinganisha wazee wagonjwa na vijana wazima mashine itajifunza uzee tu.

Sauti imenikauka mwezi wa pili sasa, sina mafua, nitumie apu gani?

Hakuna apu ndugu yangu, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Ikipita wiki 4 unatakiwa uangaliwe koo kwa kamera, na kama unavuta sigara, una uvimbe shingoni, unakohoa damu au unapumua kwa shida usisubiri hata hizo wiki. Mshipa wa fahamu unaoendesha nyuzi za sauti upande wa kushoto unashuka mpaka kifuani, unazunguka mshipa mkuu wa damu juu ya moyo, ndo unapanda tena kooni, kwahiyo shida inaweza kuwa kwenye pafu huko we unahangaika na tangawizi.

Mafua au simu mbovu vinaweza kuidanganya mashine?

Sana tu. Kelele, maikrofoni, usingizi, hata lugha unayoongea kama mashine haikufundishwa nayo.

Na rekodi yangu inabaki kwa nani?

Soma masharti kabla hujabonyeza kukubali. Nywila unabadilisha, sauti hubadilishi.