Maswali yenu: nani anaruhusiwa kuisimamia printa ya Linux?

Swali: Nina duka la steshenari, kompyuta yangu ni ya Ubuntu. Mwongozo niliousoma ulinitaka nijiongeze kwenye kundi la lp ili niisimamie printa. Nimejiongeza, lakini ukurasa wa CUPS (programu inayosimamia uchapishaji kwenye Linux) bado unaniandikia "Forbidden".

Jibu: Hukukosea wewe, umekosea mwongozo. lp na lpadmin ni makundi mawili tofauti. Kundi la lp hutumiwa na CUPS yenyewe kukifikia kifaa. Kundi la lpadmin ndilo la watu: aliyemo anaongeza printa, anaifuta, anasimamisha foleni na kufuta kazi ya yeyote. Andika hivi, ukiweka jina la akaunti yako mwishoni:

sudo usermod -aG lpadmin asha

Hiyo herufi a usiiache. Ukiandika -G peke yake unaondolewa kwenye makundi mengine, la sudo (la wenye mamlaka ya msimamizi) likiwamo, na kompyuta yako mwenyewe inakugomea. Kisha toka kwenye akaunti, ingia upya, andika groups uone kama lpadmin imo. Ukurasa wa CUPS, unaofunguliwa kwenye kivinjari kwa anwani localhost:631, ukiomba jina na nywila, weka zile unazoingilia kwenye kompyuta.

Kinachowapoteza watu wengi ni kwamba lpadmin ni jina la kundi, tena ni jina la amri ya kuongeza printa. Mtu akikuandikia "tumia lpadmin" akaishia hapo, utajuaje anasema ipi? Nawaomba sana mnaoandika miongozo ya ofisini: tangulizeni neno "kundi" au "amri" kila mnapolitaja.

Swali: Nimehamia Arch, aina nyingine ya Linux, na kundi la lpadmin silioni.

Jibu: Huko halitumiki. Makundi yenye mamlaka hutajwa kwenye mstari wa SystemGroup, ndani ya cups-files.conf, faili la mipangilio ya CUPS. Debian na Ubuntu zimeweka lpadmin, Arch imeweka sys, root na wheel. Kwenye mfumo wowote, uliza kwanza:

sudo grep SystemGroup /etc/cups/cups-files.conf

Swali: Kijana wangu wa dukani anataka tu kufuta kazi zilizokwama. Nimpe sudo?

Jibu: Usimpe. Kazi alizotuma mwenyewe anazifuta bila kupewa chochote: lpstat -o inamwonesha foleni, kisha anaandika cancel na jina la kazi, mfano cancel Ofisi-42. Na kama dukani nyote mnatumia akaunti moja, kazi zote ni za akaunti hiyo, basi tayari anaweza.

Akiwa na akaunti yake na inambidi afute za wengine, kundi la lpadmin linamtosha. Nalo usiligawe ovyo. Mwaka 2012 uligunduliwa udhaifu wa kiusalama wenye namba CVE-2012-5519, uliomwezesha aliyemo lpadmin kusoma na kuandika faili lolote kwa mamlaka ya root (akaunti kuu ya mfumo), kwa kupitia ukurasa ule ule wa CUPS. Ulizibwa kwa kuhamishia mipangilio nyeti kwenye cups-files.conf, faili ambalo haligusiki kupitia kivinjari.

Swali: Wino wa rangi ni ghali. Naweza kuwaruhusu watu wawili tu kwenye printa hiyo?

Jibu: Ndiyo, na hapa lpadmin ni amri:

sudo lpadmin -p Rangi -u allow:asha,juma

Ukitaka kuwafungulia wote tena, andika allow:all mahali pa allow:asha,juma.