Malale: kwa nini mtoto achomwe mgongoni wakati vimelea vimeshaonekana kwenye damu

Msomaji wa Urambo ameuliza hivyo kuhusu mwanawe wa miaka 5. Namjibu kwa kirefu, maana wapo wazazi wanaomtorosha mtoto wodini kwa kuiogopa sindano hiyo.

Mishipa midogo ya damu ya ubongo haivuji kama ya kwingine. Seli za kuta zake zimebanana, na zina pampu zinazorudisha kwenye damu dawa nyingi zinazojipenyeza. Suramini, dawa ya hatua ya kwanza (vimelea vikiwa bado havijaingia ubongoni), ni molekuli kubwa yenye chaji nyingi, na karibu yote hung'ang'aniwa na protini za damu. Inasafisha damu vizuri, lakini ubongoni haifiki. Na malale ya huku kwetu, ya kimelea aina ya rhodesiense, huvuka kuingia ubongoni ndani ya wiki au miezi michache tu. Mtoto aliyekwisha kufika huko akipewa suramini peke yake, homa inashuka, nyumbani wanashukuru Mungu, kisha anaanza kusinzia mchana na kukesha usiku.

Kwa hiyo maji ya uti wa mgongo lazima yapimwe. Seli nyeupe zaidi ya 5 kwa mikrolita, au kimelea hata kimoja, hiyo ni hatua ya pili, yaani ugonjwa umeshafika ubongoni. Dozi ya kwanza ya suramini hutangulia, ili sindano isibebe vimelea vya damu kuviingiza ndani. Ndipo ije melarsoproli, miligramu 2.2 kwa kilo, kila siku kwa siku 10. Hii ina aseniki, ambayo ni sumu. Inavuka, lakini huunguza mshipa, huyeyusha bomba la plastiki (tafuteni la kioo), na karibu mgonjwa 1 kati ya 20 huuawa na dawa yenyewe. Dawa ya namna hiyo haitolewi kwa kubahatisha, jamani!

Mwenye miaka 6 na kilo 20 kwenda juu ana nafuu: tangu 2024 WHO inapendekeza feksinidazoli, vidonge vinavyotibu hatua zote mbili. Kuanzia kilo 35 ni vidonge 3 vya miligramu 600 kwa siku 4, kisha 2 kwa siku 6, mara moja kwa siku. Kinachoiharibu ni tumbo tupu, kwani bila chakula hainyonywi ya kutosha, na isiyotosha kwenye damu haiwezi kutosha ubongoni. Uji mwepesi si mlo. Muuguzi, hakikisha ugali na maharage vimeliwa, mpe vidonge papo hapo, na usiondoke kabla hajameza.