Bosi kachakachua data, chuo kitaiambia serikali au kitafunika?

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni fundi wa maabara hapa Marekani, nimetoka Morogoro miaka 6 iliyopita, nipo kwenye utafiti wa kisukari chuo kimoja ambacho sikitaji. Mwezi wa tatu nilikuwa napanga matokeo nikakuta namba kwenye eksel ya bosi hazifanani na nilizoandika kwa mkono wangu kwenye daftari, yani panya 4 waliokufa mimi mwenyewe nikawatoa, kwenye jedwali wako hai na sukari yao nzuri kabisa. Nikaenda kwa afisa wa uadilifu nikatoa maelezo, wakasema wameanza uchunguzi wa awali, tangu hapo kimya. Mjomba ananiambia niachane nao, chuo kitalinda jina lake na serikali haitajua kitu. Ni kweli? Na naweza kwenda serikalini mwenyewe?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Nimekaa ofisi za utafiti miaka mingi, najua usingizi unavyokuwa ukishasema kitu kama hicho.

Mjomba yuko sahihi nusu. Chuo kinapenda jina lake, hilo halina ubishi, ila kama hela za huo utafiti zimetoka NIH, taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya, basi hakina hiari. Fungua makala ya mwisho mliyochapisha, shuka chini pale wanaposhukuru wafadhili, ukiona NIH na namba kama zile za kuanzia R01, hela ni za huko, na anayezifuatilia kwenye mambo ya udanganyifu ni ofisi inaitwa ORI, Ofisi ya Uadilifu wa Utafiti, iko chini ya wizara ya afya. Kama ni hela za NSF, shirika la serikali linalofadhili sayansi kwa ujumla, hiyo inaenda kwa mkaguzi mkuu wao, njia nyingine, usichanganye.

Uchunguzi wa awali kazi yake ni kuona tu kama kuna kitu cha kuchunguza. Kwa kanuni mpya za hizi hela zinazofuatiliwa na ORI, zinazohusu tuhuma zilizopokelewa kuanzia Januari 1, 2026, wanapewa siku 90. Wakiona kipo, ndani ya siku 30 lazima waipelekee ORI taarifa kwa maandishi pamoja na ripoti ya walichokiona, halafu unaanza uchunguzi kamili, siku 180, na wakitaka kuzidisha wanaiomba ORI. Mwisho wanapeleka ripoti nzima na uamuzi wa chuo.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana wengi hawaambiwi. Uchunguzi wa awali ukiishia kwamba hakuna kitu, chuo hakilazimiki kuwaambia ORI, kinatakiwa tu kutunza makaratasi miaka 7 ili wakiyaomba wayakute. Kwa hiyo hatua uliyopo sasa hivi ndo mlango wenyewe, na hilo daftari lako lina uzito kuliko maneno yako na yangu. Ila wakitaka kufunga kesi kwa sababu bosi kakiri, au wameelewana naye aondoke kimya kimya, hawawezi mpaka waiambie ORI kwanza. Hapo mjomba kakosea.

Kanuni inawataka pia wachukue data zote za asili kabla au siku ileile mtuhumiwa anapoambiwa. Nilishaiona hiyo siku sehemu moja, Ijumaa jioni, watu wa IT wanabeba kompyuta, afisa anahesabu madaftari moja moja na kusainisha, friza la sampuli limebandikwa karatasi lisifunguliwe, kuna binti kasimama na tyubu mkononi hajui aiweke wapi. Kwenu imetokea? Kama bado, mwandikie afisa imeili leo umuulize kama data za asili zimeshachukuliwa, na daftari lako mkabidhi upewe karatasi ya mapokezi yenye saini. Usilipeleke nyumbani, ni mali ya chuo, watakugeuzia kibao. Nyumbani andika tarehe tu, nani ulimwambia nini, siku gani.

Usijione mdogo kwa kuwa ni fundi. Pale University of Vermont, aliyefichua udanganyifu wa Eric Poehlman, profesa mkubwa wa mambo ya uzee, alikuwa kijana wa maabara aliyeona namba za mafuta ya damu zimegeuzwa ili zionyeshe mwili unaharibika kadiri umri unavyosogea. Mwaka 2006 profesa akahukumiwa jela mwaka 1 na siku 1. Na kufunika kuna gharama zake, mwaka 2019 Duke University ilikubali kulipa dola milioni 112.5 kumaliza kesi ya data za uongo zilizotumika kuombea hela za serikali, kesi iliyofunguliwa na mfanyakazi wake wa zamani.

Kwenda ORI mwenyewe inaruhusiwa, mtu yeyote anaweza kuwaandikia. Jua tu kwamba kwa kawaida hawaji kuchunguza wao, wanarudisha kwa chuo halafu wanakikagua, lakini chuo kikijua ORI wanaijua kesi, kinakuwa makini. Jina lako linatakiwa lijulikane kwa wanaohusika tu, na chuo kina wajibu wa kukulinda usilipiziwe kisasi. Wakikupunguzia saa za kazi au kukuhamisha ghafla, mwandikie afisa siku hiyohiyo. Na kama viza yako imefungwa na kazi hiyo, muone mwanasheria wa uhamiaji wiki hii, usisubiri barua ije.