Kabla Hujajenga Banda Kando ya Kijito

Hivi karibuni kijana mmoja wa Nachingwea aliniandikia ujumbe mrefu wenye adabu, ulioanza kwa shikamoo mama na kumalizika kwa dua. Amepata ekari moja kando ya kijito, anataka kuanza na nguruwe 20 na kuku wa mayai 500, na swali lake lilikuwa moja tu: ajenge banda karibu kiasi gani na maji ili asipate taabu ya kuchota na kuosha? Nilimjibu kwa ufupi siku ileile, lakini tangu hapo sijatulia, kwa sababu ujumbe wa namna hiyo huupata mara kwa mara kutoka Masasi, Ruangwa, Mtama na kwingineko, na karibu wote huuliza maji yatafikaje bandani. Bado sijaulizwa maji hayo yakishatoka bandani yataelekea wapi.

Najua unachokitaka, kwa kuwa ndicho ninachokitaka na mimi: trei za mayai kila asubuhi, nguruwe wa kuuza kabla ya ada za shule, na fedha isiyosubiri mnada wa korosho. Sikuandikii ili kukukatisha tamaa. Nakuandikia kwa sababu mimi nimeishi upande wa chini wa banda la mtu mwingine, na donge la miaka ile bado lipo rohoni.

Shamba langu lipo bondeni, chini ya ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde, mahali ambapo chemchemi hutoka na kuungana kuwa vijito vinavyoelekea mto Lukuledi. Aliyezaliwa upande huu hahitaji kuelezwa thamani ya chemchemi hizo. Kule juu, Newala na Tandahimba, mchanga hunywa mvua yote, na bibi zetu walikuwa wakiteremka hadi mabondeni kutafuta maji na kupanda nayo mlima yakiwa kichwani. Mjomba wangu alinigawia kipande kile kwa desturi ya kwetu, nami nikachimba mabwawa mawili ya perege, nikalima mchicha na nyanya pembeni, na kuleta maji ya kijito kwa mfereji. Miaka ya mwanzo sitaisimulia, kwa kuwa kila aliyewahi kuanzisha mradi anaifahamu.

Kisha akaja mfugaji mkubwa kutoka mjini na kununua eneo lililo juu yangu. Mabanda yake yalikuwa mazuri, ya matofali na bati jipya, nguruwe upande mmoja na kuku upande wa pili. Kila asubuhi vijana wake waliwasha pampu na kusukuma kinyesi chote kwa maji hadi kwenye mtaro wa saruji, na mtaro huo uliishia kijitoni. Saa ya kuosha niliijua kwa harufu, kisha kwa macho: maji yaliyokuwa yakionyesha mchanga wa chini yalipita yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, na povu likabaki limenasa kwenye mizizi ya matete. Kiangazi kilipokolea na kijito kikapungua, mawe yaliota utando wa kijani unaoteleza, na mabwawa yangu yakawa ya kijani kiasi kwamba nilipozamisha mkono, kiganja kilipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko. Wafugaji wa samaki wanakijua kipimo hicho; kiganja kikipotea mapema, mwani umezidi.

Mvua za kwanza zilimaliza kazi. Samadi iliyorundikwa nyuma ya mabanda yale kiangazi kizima ilisombwa kwa usiku mmoja. Alfajiri niliwakuta perege wamejaa juu ya maji, midomo wazi, wakigombea hewa, na wengine wamelala ubavu huku mashavu yakifunguka na kufumba polepole. Wakubwa ndio waliotangulia kufa. Jua lilipopanda tulikuwa tunawatoa kwa matenga, na majirani waliokuja kutusaidia walikuwa walewale ambao watoto wao walioga kwenye kijito kile kila jioni.

Watu wengi hudhani samaki hufa kwa sumu. Sumu ipo, kwa maana amonia inayotoka kwenye mkojo na kinyesi huunguza mashavu ya samaki, lakini muuaji mkubwa ni ukosefu wa hewa. Vijidudu vinavyoozesha kinyesi ndani ya maji hutumia oksijeni iliyoyeyuka humo. Majitaka ya nyumbani ambayo hayajasafishwa huhitaji takriban miligramu 300 za oksijeni kwa kila lita ili yaoze, ilhali tope la nguruwe huhitaji kati ya miligramu 20,000 na 30,000. Juu ya hayo, naitrojeni na fosforasi iliyomo kwenye samadi huulisha mwani. Mwani hutoa oksijeni mchana, lakini usiku nao huivuta, na ndiyo maana maafa huonekana alfajiri. Anayesema kwamba maji ya mto yanapita na uchafu unaondoka nayo ajue kwamba uchafu huo unaondoka kwake tu na kufika kwa mwenzake.

Nilikwenda kwa mwenye mabanda, nikamsalimia kwa heshima na kumweleza. Alinijibu kwamba mto hauna mwenyewe. Nilikwenda kwenye mkutano wa kijiji, na huko nikaambiwa nina wivu wa maendeleo, kwa kuwa yule bwana aliajiri vijana wetu. Neno hilo liliniuma kuliko hasara ya samaki. Walikuwepo pia waliotaka kuligeuza jambo hili kuwa la dini, kwa sababu ya nguruwe, nami nilikataa mbele ya watu wote, kwa maana kinyesi cha kuku wake kilikuwa kinateremka kwenye mtaro uleule, na kijito hakikuwa na uwezo wa kutofautisha. Mzee mmoja alisema nguruwe ndio wanaoleta taifodi. Nilimwambia, shikamoo babu, taifodi hutoka kwenye kinyesi cha binadamu, hivyo tusiwasingizie wanyama; lakini bakteria wengine wa kuhara, kama salmonela zisizo za taifodi na kampilobakta, pamoja na vimelea, hutoka kwa mifugo kweli, na hivyo vinatosha kumlaza mtoto. Ukitaka kusikilizwa, sema lililo kweli tu, hata pale ambapo uongo ungekusaidia.

Ofisini nilipigwa danadana, nenda rudi, faili halionekani, mhusika yuko safari. Hatimaye wakaguzi walifika na futi kamba, wakapima kutoka ukingo wa kijito hadi ukuta wa banda, na mtaro ukaamriwa kufungwa. Mwenye mabanda aliondoka. Mimi sikulipwa samaki hata mmoja, na waliosema nina wivu hawajawahi kurudi kuniambia lolote.

Leo nafuga mwenyewe, kuku na nguruwe, na ninasema kwa fahari kwamba mabanda yangu hayajawahi kupeleka ndoo moja ya maji machafu kijitoni. Nilijenga juu, kwenye mwinuko, mbali na maji, na watu walinishangaa kwamba nina kijito lakini nahangaika kupandisha maji. Ni kweli nahangaika. Ni afadhali bomba lipandishe maji safi kuliko mteremko ushushe machafu.

Kwa hiyo, mwanangu wa Nachingwea, na wengine mnaonisoma, jambo la kwanza ni mahali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zile zinazoweza kuathiri hifadhi ya kingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa, ziwa au bahari. Pima mita hizo kwa futi kamba, si kwa macho, na pima kutoka pale maji yanapofika masika. Kisha uzichukue kuwa kiwango cha chini kabisa, kwa maana kwenye mteremko mkali mita 60 ni safari fupi sana kwa mvua ya Januari. Ekari yako ikiwa nyembamba kiasi kwamba huwezi kupata umbali huo, basi eneo hilo ni la bustani, si la banda, tafuta pengine.

Jambo la pili ni hesabu, na hapa ndipo wengi hufumba macho. Kuku wa mayai 100 hutoa karibu kilo 10 hadi 12 za kinyesi kibichi kwa siku, na nguruwe mmoja wa kunenepesha hutoa takriban kilo 4 au 5 za kinyesi na mkojo. Kwa mifugo uliyoitaja, hiyo ni zaidi ya kilo 130 kila siku, yaani karibu tani nne kwa mwezi. Ekari moja ya udongo wetu wa kichanga haiwezi kumeza yote hayo. Mchanga hupitisha maji haraka, na naitrojeni hugeuka kuwa naitreti, ambayo haina rangi wala harufu, ikazama hadi kwenye kisima chako mwenyewe. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita moja ya maji ya kunywa, hasa kwa ajili ya watoto wachanga, ambao damu yao hushindwa kubeba oksijeni naitreti ikizidi. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua kwa mvuke, naitreti iliyobaki huzidi ukali. Kwa hiyo kisima kiwe upande wa juu wa banda, kamwe kisiwe upande wake wa chini, na mifugo ianze michache hadi ujue samadi yake inakwenda wapi.

Jambo la tatu ni kuacha tabia ya kusafisha kwa maji kitu kinachoweza kukwanguliwa kikiwa kikavu. Mimi hukwangua kwa sepetu kwanza, nikapeleka kinyesi kwenye banda la samadi lenye sakafu ya saruji na paa, na sehemu ya nguruwe wangu wanalala juu ya tabaka nene la pumba za mpunga na maranda ambayo hayaoshwi kabisa. Paa la banda la samadi wengi huliona kuwa anasa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, kwa hiyo paa la mita za mraba 50, mahali penye mvua ya milimita 900 kwa mwaka, hupokea lita 45,000. Ukilifunga mabomba ya bati na kuyaelekeza kwenye tangi, hayo ni maji ya kunywesha kuku. Ukiacha samadi yako wazi, ni lita hizohizo zinazoisukuma mtoni.

Samadi yenyewe ni mali, na inaniuma kuona mtu akinunua mbolea ya dukani huku akimwaga ya kwake kwenye kijito. Ya kuku ikiwa mbichi huunguza mimea, kwa hiyo ichanganye na majani makavu au pumba, inyunyizie maji kiasi cha kulowa bila kutiririka, kisha uigeuze. Rundo lililotengenezwa vizuri hupanda joto hadi nyuzi 55 na zaidi, na likidumu hivyo angalau siku tatu, kisha ukageuza ili ya nje iingie ndani, vimelea vingi hufa. Chomeka nondo katikati. Ukiichomoa na huwezi kuishika, rundo linafanya kazi. Wakulima wa mboga huja na magunia yao wenyewe hadi kwangu, na wenye miche mipya ya mikorosho huchukua ya kuweka kwenye mashimo ya kupandia. Hakikisha tu rundo limeondoka, au limefunikwa barabara, kabla ya mvua za Novemba na Desemba, kwa kuwa mvua za kwanza baada ya kiangazi ndizo zinazosomba uchafu wa miezi yote kwa mara moja. Chini ya banda, kabla ya kufika kijitoni, acha ukanda mpana wa majani ya tembo. Yatakunywa naitrojeni iliyoponyoka, na utayakata kwa ajili ya ng'ombe. Lakini ukanda huo si ruhusa ya kujenga karibu na maji. Narudia, jenga mbali.

Na wewe uliye upande wa chini, kama nilivyokuwa mimi, usianze kwa kelele. Geuza mawe ya kijitoni upande wa juu wa banda na upande wa chini wa banda. Wadudu wadogo wenye miguu wanaonata chini ya mawe hutoweka mapema uchafu unapozidi, na tofauti hiyo hata mjumbe wa serikali ya kijiji ataiona kwa macho yake. Andika barua kwa mtendaji, ukitaja tarehe na saa. Nakala ipeleke kwenye Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, yenye ofisi zake Mtwara, kwa sababu chini ya sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 hakuna anayeruhusiwa kutiririsha majitaka kwenye chanzo cha maji bila kibali cha bodi ya bonde. Wakija kuchukua sampuli, waombe waje saa ya kuosha banda, si alasiri wakati maji yamekwisha kutulia, na wachukue mbili, moja juu ya mtaro na moja chini yake, kwa maana sampuli moja peke yake mwenye banda ataikana. Chupa za kupima vimelea ziwe zile zilizoandaliwa na maabara, zikae kwenye barafu, zifike siku hiyohiyo. Kila barua unayopeleka, gongesha muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako na uitunze nyumbani.