Ramani ya shamba kwenye simu si hati ya ardhi

Ndugu, umeuliza kama vipimo vya shamba lako la kahawa, vilivyochukuliwa kwa simu na karani wa ushirika, vitakulinda jirani akisogeza mpaka. Havitachukua nafasi ya hati. Vipimo hivyo hukusanywa hasa kwa sababu ya sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023, inayomtaka mwagizaji athibitishe kwamba kahawa haikulimwa kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Tena kwa shamba lisilozidi hekta 4, alama moja tu ya mahali kwenye ramani inatosha, na alama moja haionyeshi mpaka wowote. Ikiwa ardhi yenu ni ya kimila, Sheria ya Ardhi ya Uganda ya mwaka 1998 inakuruhusu kuomba cheti cha umiliki wa kimila kupitia kamati ya ardhi ya eneo lenu, ambayo hukagua mipaka na kusikiliza madai ya wengine. Ardhi ya mailo, yaani mfumo wa umiliki wa kudumu ulioko hasa Buganda, ina utaratibu wake.

Kuhusu mavuno, nakusihi uandike uzito wa kila gunia siku ileile, ukitenganisha kiboko (kahawa iliyokaushwa na maganda yake) na kase (kahawa iliyokobolewa), kwa kuwa kiboko kikishakobolewa hubaki takriban nusu ya uzito, na hapo ndipo wakulima wengi hupunjwa bila kujua. Omba pia nakala ya rekodi zako iliyochapishwa. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuziona.