Barua kwa mwanangu: daftari la Zuhura

Mwanangu Hamisi,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Unaniuliza kama mpokee hizo laki tatu kliniki inazowapa, mtie sahihi yaishe, au mwende kortini kudai fidia ya masikio ya Zuhura. Kabla sijajibu, nijibu wewe: daftari lake liko wapi? Lile la kurasa 32 mlilonunua dukani, walimoandika malaria mara tatu ndani ya siku tisa, kumbe ni homa ya uti wa mgongo.

Ya mjomba wako Juma unayajua, lakini si yote. Mwaka 1991 alikuja hapa Bondeni na homa kutoka huko Kisumu, na mtu akitoka Kisumu na homa nani atawaza jingine? Akapewa klorokwini, dawa ya malaria. Tukarudi, akapigwa sindano. Siku ya nne shingo imekakamaa, tukifungua dirisha analia mwanga unamuumiza. Hospitali kubwa wakatoa maji mgongoni kwa sindano, wakasema ni homa ya uti wa mgongo, wakamwokoa. Wiki aliyoruhusiwa, kifuniko cha sufuria kiliniponyoka nyuma yake. Paka aliruka hadi juu ya kabati. Juma aliendelea kumenya chungwa lake.

Miezi ikapita, jirani yetu mmoja, karani wa wakili, akamwambia bibi yako alete daftari la kliniki, kesi ipo. Halikuonekana. Miaka yote nimewaambia lilipotea tulipohama nyumba. Halikupotea, Hamisi. Nililichana ukurasa baada ya ukurasa kufungia mandazi. Bibi yako alikufa akimlaumu mwenye nyumba.

Ndiyo maana mnanisikia nikisema, mdomo huhama, karatasi haihami.

Wakili wenu amesema kweli kuhusu miaka mitatu ya kufungua kesi; ingekuwa hospitali ya serikali mngekuwa na miezi 12 tu. Ila ugumu hauko hapo. Kwamba walichelewa, daftari litasema. Kwamba ni kule kuchelewa kulikoharibu masikio, na si ugonjwa wenyewe, hilo linataka daktari mwingine asimame mbele ya hakimu, maana ugonjwa huu huiba masikio hata ya waliowahiwa. Nao watakuja na kipimo chao: kilionyesha malaria. Ni kweli kilionyesha. Huko ziwani mtu anaweza kuwa na vijidudu vya malaria kwenye damu na yuko sokoni anauza samaki, mzima. Swali ni kwa nini ile mara ya tatu, dawa zimekwisha na shingo haigeuki, hakuna aliyewaza lingine wala kuwaandikia mwende hospitali kubwa.

Na kama huyo wakili anataka fungu la fidia badala ya ada, sheria ya mawakili haimruhusu. Muulize tena, kwa upole.

Halafu najibishana na nafsi yangu. Yule binti wa kliniki aliwafungulia mlango saa nane usiku, akampangusa Zuhura matapishi kwa leso yake mwenyewe. Wewe ndiwe uliyenisimulia, huku unalia. Mtu kama huyo unamburuta kortini? Lakini siku tisa, Hamisi! Siku tisa! Na leso haimrudishii mtu masikio. Laki tatu nazo si haba, vile vifaa vya kusikia ni ghali na kodi ya nyumba haingoji hukumu. Ila mkishatia sahihi ile karatasi ya kwamba hamdai tena, basi, hiyo nayo haihami.

Sisemi mshitaki. Sisemi msishitaki. Ingekuwa ni mimi... hapana, nanyamaza, masikio si yangu. Ujumbe mzima umeniandikia yako na ya wakili, Zuhura mwenyewe anataka nini hukuandika. Mwandikie swali, akujibu kwa mkono wake, na hiyo karatasi nayo uiweke.

Daftari usimpe konda wa matatu aniletee. Jumamosi nitapanda gari la saa kumi na mbili asubuhi, nilichukue mwenyewe nikalitoe kopi. Hadi nifike liweke chini ya godoro, mbali na jiko.

Mama yako.