Ananisikia vizuri ila mimi simsikii

SWALI: Kaka fundi habari za kazi. Nimefunga getiwei ya simu za intaneti ofisini, ile unachomeka simu ya mezani ya kawaida inapiga kupitia intaneti. Taa ya laini inawaka, nikipiga inaita, mtu anapokea na ananisikia vizuri kabisa ila kwangu kimya, nabaki halo halo mpaka anakata. Alafu nikizima na kuwasha ruta, ukurasa wa seting za getiwei siupati tena. Ninunue nyingine?

JIBU: Usinunue dada, kifaa kizima hicho. Ila una matatizo mawili, usiyachanganye.

Tuanze na la ukurasa. Getiwei yako inaomba anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao, kwa ruta kila inapowaka, kwa hiyo leo inaweza kuwa 192.168.1.23 kesho 192.168.1.31 na wewe bado unaandika ile ya juzi. Nyingi zina menyu ya sauti: inua mkono wa simu, bonyeza nyota mara kadhaa kama kijitabu kinavyosema, utasikia inakutajia anwani namba moja moja, iandike. Ukiingia ipe anwani ya kudumu, na mimi napenda kuihifadhi kwenye ruta yenyewe kwa namba ya MAC, yaani ya utambulisho wa kifaa chenyewe, iliyobandikwa chini yake, maana ukiandika kwa mkono ni rahisi kuchagua anwani ambayo ruta inaweza kuigawa, kesho laptopu ya mtu inapewa hiyohiyo vinaanza kugombania. Ukiamua kuandika kwa mkono, pale penye neno getiwei weka anwani ya ruta, sio ya kifaa chako, hayo majina yanachanganya watu kweli. DNS nayo, ile inayogeuza majina kuwa anwani, usiiache tupu, seva ya simu ukiwa umeiandika kwa jina, laini haitajisajili.

Sasa huo ukimya. Simu ya SIP, yaani hii yako ya intaneti, ina safari mbili, ya kuita na kupokea, mara nyingi inapita poti (mlango wa data) namba 5060, na ya sauti yenyewe ambayo inapita poti nyingine za UDP, njia ya kutuma data bila kusubiri uthibitisho. Getiwei yako ikipiga inauambia upande wa pili "sauti nileteeni hapa", alafu inataja hiyo 192.168 ambayo nje ya ofisi yako haifiki popote! Sauti yako inatoka kwa sababu seva ina anwani ya wazi, ya kwao inapotelea njiani.

Kwa hiyo washa STUN kwenye getiwei, inayoisaidia kujua anwani yake ya nje, anwani ya seva yake waulize wanaokupa laini. Kisha ingia kwenye ruta uzime SIP ALG, hiyo inajifanya kusaidia kwa kubadilisha anwani ndani ya ujumbe wa simu na mara nyingi ndio inaharibu, mimi naizima kabla sijagusa kitu kingine. Bado kimya? Fungua kwenye ruta zile poti za RTP, yaani za sauti, zilizoandikwa kwenye ukurasa wa getiwei, zielekeze kwenye ile anwani ya kudumu, ndo maana nimekuanzisha nayo.

Tafadhali usiianike getiwei nzima nje kwa DMZ, yaani kuifungulia poti zote, na nywila iliyokuja nayo ibadilishe leo, kuna watu kazi yao ni kutafuta vifaa vya hivi wapige simu za nje ya nchi kwa bili yako.

Ukimaliza piga simu ukae hewani dakika kadhaa, sio sekunde tano.